Valvu ya Kwanza: Kinachobadilika na Kisichobadilika Ukigusa Valvu za Amplifaya ya Gitaa

"Mzee, naomba unibadilishie zote tatu." Kijana alisema hivyo huku akikunjua gazeti alilofungia valvu mpya, akazipanga moja moja mezani kwangu. Anapiga gitaa la solo kanisani, na mwisho wa wiki hupiga na bendi hotelini. Amplifaya yake ni Fender Blues Junior aliyotumiwa na mjomba wake anayeishi Marekani. Wenzake wamemwambia kuwa valvu zilizomo ni za kawaida tu, na kwamba akiweka hizi zenye jina la zamani la Kiingereza, sauti itakuwa nzito na tamu kama ya kwenye santuri.

Nikamuuliza, hii uliyo nayo ina ubaya gani?

"Ubaya haina, mzee. Ila voliumu nikifika mbili tu, mchungaji ananiangalia. Na nikikaza mkono kwenye sebene, inaanza kukwaruza."

Shida yake ilikuwa ya kweli. Dawa aliyonunua ndiyo iliyokuwa ya ugonjwa mwingine. Maneno aliyoambiwa nayasikia mara kwa mara kwa wapiga gitaa, na kila mara kuna mtu ametoa fedha yake kwa sababu ya maneno hayo. Naomba nilifungue jambo hili tangu mwanzo.

Valvu, ambayo wengine huiita tyubu, ni chupa ndogo ya kioo iliyonyonywa hewa yote. Walioishi na redio za zamani za sebuleni, zile za sanduku la mbao, wanaikumbuka hata kama hawakuijua jina. Ulikuwa ukiwasha redio husikii kitu. Unasubiri, vimwanga vyekundu vinaanza kuonekana kwa nyuma, kisha sauti inapanda polepole kana kwamba inatoka mbali. Kungoja kule kulikuwa kungoja valvu zipate moto.

Kwa nini moto? Ndani ya chupa kuna kipande kiitwacho kathodi. Kikipashwa joto hutoa elektroni, chembe ndogo za umeme. Pembeni yake kuna bamba la chuma, anodi, lenye volti nyingi zinazozivuta elektroni hizo. Katikati ya viwili hivyo kuna wavu wa waya mwembamba sana uitwao gridi. Kama umewahi kutembelea mashamba ya mpunga ya umwagiliaji, Mbarali au Mwea, umeona lango la mfereji: ubao mmoja ambao mtu mmoja huupandisha na kuushusha kwa mikono, na maji ambayo watu ishirini wasingeweza kuyabeba hupita au husimama. Mtu yule hasukumi maji. Anagusa ubao tu. Gridi ndiyo ubao huo. Umeme hafifu wa gitaa lako unagusa gridi, na umeme mkubwa unaopita kutoka kathodi kwenda anodi unafuata mwendo uleule, ukiwa mkubwa mara nyingi zaidi. Mmarekani Lee de Forest ndiye aliyeweka gridi hiyo mwaka 1906, na redio, sinema zenye sauti na gitaa la umeme vyote vimepita katika wazo hilo.

Amplifaya ya gitaa ina valvu za namna mbili. Mbele kuna priampu, sehemu inayopokea sauti changa kutoka kwenye pikapu ya gitaa, ile sumaku iliyo chini ya nyuzi, na kuikuza mpaka iwe na kimo cha kufanyia kazi. Valvu zake ni ndogo, ukubwa wa kidole. Nyuma kuna sehemu ya nguvu, yenye valvu kubwa zaidi, inayoisukuma spika. Makala hii inahusu zile ndogo za mbele, kwa sababu ndizo mtu anaweza kuzibadilisha mwenyewe, na ndizo zilizozungukwa na maneno mengi.

Kabla ya kwenda mbali, hakikisha unazo. Amplifaya nyingi zilizopo makanisani na kumbini kwetu ni za transista. Hizo ukiwasha tu zinasema, na hazina valvu yoyote ya kubadilisha. Ya valvu huchukua sekunde kadhaa kimya kabla ya kutoa sauti, na ukichungulia kwa nyuma utaona vioo vikiwaka rangi ya chungwa.

Sasa majina, maana hapa ndipo watu wanapopotea mapema.

Valvu iliyozoeleka kuliko zote katika priampu za gitaa inaitwa 12AX7. Kampuni ya RCA ya Marekani iliitoa sokoni Septemba 1947, miezi mitatu tu kabla ya maabara za Bell kuonyesha transista ya kwanza. Valvu hiyo ilizaliwa wakati mrithi wake yuko mlangoni, na bado inatengenezwa hadi leo kwa sababu ya wapiga gitaa na wapenzi wa muziki. Ulaya waliiita ECC83. Ni kitu kilekile. Ukiuziwa ECC83 kama "toleo bora la Ulaya" la 12AX7, umeuziwa jina.

Majina haya yenyewe yana habari ndani yake. Katika mtindo wa Marekani, 12 ni volti za kupashia joto, takriban 12.6. Katika mtindo wa Ulaya, E maana yake ni volti 6.3 za kupashia joto, na C ni triodi, yaani valvu yenye sehemu tatu nilizozitaja: kathodi, gridi na anodi. C mbili ni triodi mbili ndani ya kioo kimoja. Mtu atauliza: mmoja anasema 12, mwingine anasema 6, itakuwaje valvu moja? Jibu liko chini ya kioo. Valvu ina pini 9. Waya wa joto umegawanyika vipande viwili, na pale viungiapo pametolewa pini namba 9. Ukipitisha umeme kutoka pini 4 hadi 5, vipande vinafuatana na vinahitaji volti 12.6. Ukiziunganisha 4 na 5 pamoja na kurudisha umeme kupitia 9, vinakuwa sambamba na vinatosheka na 6.3. Mmarekani alihesabu kwa njia ya kwanza, Mzungu wa Ulaya kwa njia ya pili.

12AX7 ina ndugu zake wanaoingia katika tundu lilelile na pini zilezile: 5751, 12AT7, 12AY7 na 12AU7. Kinachowatofautisha kwanza ni kipimo cha ukuzaji, yaani uwezo wa valvu kuongeza kimo cha wimbi. 12AX7 ina 100. 5751 ina 70. 12AT7 ina 60. 12AY7 iko karibu 44, na 12AU7 iko chini ya 20. Hizi ni namba za karatasi za kiwandani. Ndani ya amplifaya, valvu ikishazungukwa na rizista zake, yaani vipande vinavyobana umeme, 12AX7 hutoa kama mara 50 hadi 60, na nyingine zote hushuka vilevile.

Namba hizo zina maana gani sikioni? Pikapu ya gitaa hutoa kama sehemu ya kumi ya volti, na ukikaza mkono inapanda zaidi ya hapo. Ikizidishwa mara 60 unapata volti 6. Weka 12AY7 mahali pake, utapata kama nusu yake. Lakini sikio halihesabu kama kalamu. Volti za wimbi zikipungua kwa nusu, sikio husikia kama sauti imerudi nyuma hatua chache tu, haisikii nusu. Kwa hiyo usitishwe na kuona 100 ikishuka mpaka 44. Hutabaki na amplifaya inayonong'ona.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulichanganya: kushusha ukuzaji wa mbele hakupunguzi nguvu ya amplifaya. Blues Junior ni ya wati 15, na wati hizo zinatoka kwenye valvu mbili za nguvu aina ya EL84. Hizo hujagusa. Kinachobadilika ni mwendo wa kitasa. Kile ulichokuwa unakipata kwenye 2, sasa unakipata kwenye 4. Umepata nafasi ya kuchezea, na umesogeza mbali ile sehemu ambapo sauti inaanza kupasuka.

Kwani sauti inapasuka kwa nini? Rudi kwenye mfereji. Ukipandisha ubao mpaka mwisho, maji hayawezi kuzidi hapo hata ukiinua zaidi. Ukiushusha mpaka chini, hayawezi kupungua zaidi ya kukatika. Wimbi la gitaa likiwa kubwa kuliko nafasi hiyo, vilele vyake hukatwa. Sikio husikia kule kukatwa kama kukwaruza. Valvu hukata kwa upole kuliko transista, na ndiyo sababu watu wa roki na bluzi wanaupenda mkwaruzo wake mpaka wakaufanya sehemu ya muziki wao. Sisi tuliolelewa na magitaa ya Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, au OK Jazz ya Franco, sikio letu linatafuta kitu kingine: kila noti isimame peke yake, solo lisikike juu ya rizimu bila kuifunika. Mtu akikuambia valvu fulani "inaboresha sauti," muulize kwanza: kwa muziki gani? Ushauri mwingi tunaoupokea umeandikwa na watu wanaotaka mkwaruzo zaidi. Ukiufuata bila kuupima, utanunua kinyume cha unachohitaji.

Katika priampu, matundu hayalingani uzito. La kwanza, lile linalopokea gitaa moja kwa moja, ndilo lenye usemi mkubwa. Chochote kinachotokea pale hukuzwa na wote wanaofuata. Tuseme valvu ya kwanza ina sauti ndogo ya uvumi. Hatua ya pili inaikuza, ya tatu inaikuza tena, na mpaka ifike kwenye spika imekuwa kama mafuta ya kukaangia samaki. Uvumi uleule ukitokea kwenye valvu ya mwisho ya priampu, huenda hata usiusikie. Kwa hiyo anayetaka kubadilisha zote tatu kwa mkupuo anapoteza njia ya kujua. Badilisha moja, ya kwanza, usikilize siku mbili tatu. Ukibadilisha zote utabaki na hisia tu kwamba "kuna kitu kimebadilika."

Valvu ya mwisho ya priampu kwa kawaida ina kazi nyingine kabisa. Inaligawa wimbi sehemu mbili zinazopingana, moja kwa kila upande wa valvu za nguvu, zipokezane kama watu wawili wanaokata gogo kwa msumeno mrefu. Kuibadilisha hiyo kunaleta tofauti ndogo. Kampuni ya Fender, katika amplifaya yake ya Twin Reverb, huweka 12AT7 kwenye kazi hiyo, na nyingine ya kusukuma mwangwi. Ukiona 12AT7 mahali fulani, usidhani kuna mtu alikosea na ukaweka 12AX7 "iliyo kubwa". Iliwekwa pale kwa sababu inapitisha umeme mwingi zaidi kuliko 12AX7, na kazi ile inauhitaji.

Mfano ninaoupenda kuliko yote wa uzito wa valvu ya kwanza uko London, mwaka 1962. Katika duka la vyombo vya muziki la Jim Marshall, fundi Ken Bran na kijana Dudley Craven walikuwa wanatengeneza amplifaya ambayo wapiga gitaa wa Uingereza wangeweza kuimudu, kwa sababu za Marekani zilikuwa ghali mno kwao. Walifuata mchoro wa amplifaya ya Fender Bassman ya mwishoni mwa miaka ya 1950, karibu mstari kwa mstari. Amplifaya yao ikaja kuitwa JTM45. Kwenye tundu la kwanza Bassman ilikuwa na 12AY7. Wao waliweka ECC83, yaani 12AX7. Tundu lilelile, pini zilezile, lakini wimbi linaloingia ndani likawa karibu maradufu, na amplifaya ikawa inafika kwenye mkwaruzo mapema.

Ila tuseme ukweli wote. Bassman ilikuwa na spika nne za inchi 10 katika sanduku lililo wazi nyuma. Ya Marshall ilipelekwa kwenye sanduku lililofungwa lenye spika nne za inchi 12, na transfoma zake zilikuwa za Uingereza. Valvu ilichangia, haikufanya yote. Anayekusimulia habari za Marshall na kukuachia valvu peke yake, amekukatia nusu ya hadithi.

Na hiyo inanileta kwenye majina ya kampuni. Kuna tofauti ya aina na tofauti ya chapa. 12AX7 na 12AY7 ni aina mbili, na tofauti yake hata mtu aliyekaa benchi la mwisho kanisani anaisikia. 12AX7 ya chapa hii na 12AX7 ya chapa ile ni tofauti ndogo: pengine huyu ana ung'avu kidogo, yule ana uvumi kidogo. Sikatai kwamba ipo. Nimeisikia mezani kwangu katika ukimya wa usiku. Lakini ngoma na besi vikishaanza, mimi mwenyewe siwezi kukuambia ipi ni ipi.

Tena chapa siyo kiwanda. Kiwanda kimoja kilichoko Saratov, Urusi, hutengeneza valvu zinazouzwa kwa majina ya Sovtek, Electro-Harmonix, Tung-Sol, Genalex Gold Lion na hata Mullard. Mullard ile ya zamani ilikuwa Blackburn, Uingereza, na haihusiani na kiwanda hiki ila kwa jina lililonunuliwa. Valvu hizo si mbaya, na si zote zinafanana kwa ndani. Lakini usilipie historia ya Uingereza kwa bidhaa ya Urusi. Viwanda vingine vikubwa viko Slovakia, ambako kampuni ya JJ hutengeneza za kwake, na China. Vimebaki vichache sana, ndiyo maana Machi 2022 Urusi ilipozuia bidhaa nyingi kwenda nje, bei ya valvu ilipanda dunia nzima ndani ya wiki chache na wengi wakaanza kununua za kuweka akiba.

Halafu kuna valvu za zamani ambazo hazijatumika, zilizolala kwenye maboksi tangu miaka ya 1950 na 1960: Telefunken ya Ujerumani, RCA, Mullard ya kweli. Zilitengenezwa kwa uangalifu mkubwa, na nyingine zimekaa vizuri mpaka leo. Lakini ukale peke yake hauipi valvu sauti. Inayofaa ni iliyopimwa. Miaka kadhaa iliyopita niliagiza "Telefunken" moja kwa muuzaji wa mtandaoni. Ilipofika niligusa maandishi kwa kidole gumba, yakatoka. Hilo halikunisumbua, kwa sababu wino wa zamani nao hutoka hivyohivyo. Nikaigeuza juu chini nitazame kati ya pini, mahali ambapo Telefunken ya kiwanda chenyewe ina alama ndogo ya almasi iliyobonyezwa kwenye kioo. Kioo kilikuwa laini. Nilikuwa nimenunua valvu mpya ya kawaida iliyoandikwa jina upya, kwa bei ya valvu sita. Tangu siku hiyo naangalia kioo kwanza, maandishi baadaye.

Yapo maneno mengine ya kuyapitia haraka. Wapo wanaosema usiishike valvu kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi yatapasua kioo. Hilo ni la taa za halojeni zinazowaka kwa joto kali. Valvu ndogo haifikii joto hilo. Wapo wanaosema pini zilizopakwa dhahabu zinaleta sauti safi. Zinachelewesha kutu kidogo, na sauti inabaki ileile. Wapo wanaosema ubadilishe kila mwaka. Valvu za nguvu huchoka kweli, lakini hizi ndogo huishi miaka mingi, na kama haina kelele na haijapoteza nguvu, iache. Ukitaka kujua kama imeingia hewa, tazama doa linalong'aa kama fedha ndani ya kioo, kwa kawaida juu. Hilo ni bariamu iliyowekwa ili imeze hewa yoyote iliyobaki. Likiwa la fedha au la kijivucheusi, nzuri. Likigeuka jeupe kama maziwa, chupa imevuja na valvu imekufa.

Swali la baiasi linahitaji maelezo zaidi kidogo, maana linawatisha watu. Ukibadilisha valvu za nguvu, fundi anapaswa kuangalia baiasi, yaani kiasi cha umeme kinachopita valvu ikiwa kimya. Je, na hizi ndogo? Hapana. Chini ya kathodi ya kila moja kuna rizista inayofanya kazi kama boya la tangi la maji. Maji yakipanda, boya linapanda na kufunga koki. Yakishuka, linafungua. Umeme ukizidi kupita, rizista ile inaifanya gridi ibane. Ukipungua, inaachia. Valvu inajipanga yenyewe. Ndiyo maana unaweza kuitoa moja na kuweka nyingine bila kipimo chochote.

Lakini bila kipimo si bila tahadhari. Ndani ya sanduku la chuma la amplifaya ya valvu kuna volti mia tatu, mia nne, wakati mwingine zaidi, na kapasita zake huweza kushikilia umeme huo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Umeme huo unaua. Kubadilisha valvu hakukulazimu kufungua sanduku hilo. Valvu zinafikiwa kwa nyuma, nje ya chuma. Zima, chomoa waya ukutani, subiri zipoe, maana zile za nguvu zinababua. Kama valvu imefunikwa kikopo cha chuma, kibonyeze na kukizungusha kidogo, kitatoka. Kisha shika kioo chini karibu na tundu, kitikise kwa mzunguko mdogo huku unakivuta moja kwa moja. Usiivute kwa kuilaza upande, pini zitapinda au kioo kitapasuka. Kurudisha ni vivyo hivyo: pini 9 zimeacha pengo sehemu moja, lilinganishe na pengo la tundu kabla ya kusukuma. Ikigoma, usikaze. Toa utazame. Na usiiwashe kamwe amplifaya ya valvu bila spika kuunganishwa. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Jambo moja linalowaponza hata wazoefu: EL84 nayo ina pini 9 na inaingia katika tundu la 12AX7 bila shida. Lakini kila pini ina kazi tofauti. Kuingia si kukubaliana. Soma karatasi iliyobandikwa ndani ya sanduku au namba iliyoandikwa karibu na tundu, na ubaki ndani ya ukoo niliokutajia.

Mara nyingi valvu haihitaji kubadilishwa kwa ajili ya ladha, ila kwa sababu ni mbovu. Washa, fungua voliumu kiasi bila kuchomeka gitaa, chukua penseli na ugonge kila valvu taratibu kwa upande wa kifutio. Ya kwanza itatoa "ti" ndogo, ni kawaida. Ikilia kama kengele na mlio ukabaki unavuma, au ikaanza kupiga mluzi, vipande vyake vya ndani vimelegea na imegeuka maikrofoni. Hiyo itakusumbua zaidi kwenye amplifaya ambayo spika iko sanduku moja na valvu, kama Blues Junior, kwa sababu spika inaitikisa muda wote. Ikitatarika unapoigusa, toa na urudishe mara mbili tatu kwanza. Huenda ni uchafu wa tundu tu.

Sehemu nyingine ya lawama wanazobeba valvu ni ya umeme. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inataka volti 120. Ukutani kwetu ni 230. Inahitaji transfoma ya kushushia, na ile ya kusafiria, ya kuchajia simu, haitoshi. Na pale ambapo umeme hupanda na kushuka jioni, hata volti 6.3 za kupashia joto hupanda na kushuka nazo. Nimeletewa valvu "mbovu" ambazo zilikuwa nzima kabisa, zimepoa tu kwa sababu umeme ulikuwa mdogo. Stabilaiza nzuri ni matumizi bora ya fedha kuliko valvu ya mwaka 1960.

Na spika ni matumizi bora zaidi ya vyote. Kama mtu ameshaweka nyuzi mpya, waya wa gitaa haukatikikatiki, na bado hapendi sauti ya amplifaya yake, namwambia asikilize spika nyingine kabla ya kugusa valvu. Spika ndiyo kinywa. Tofauti ya spika mbili za inchi 12 ni kubwa kuliko ya valvu kumi za aina moja.

Kwa yule kijana, hata hivyo, spika ilikuwa sawa na nyuzi zilikuwa mpya. Valvu zake zote tatu za gazetini zilikuwa 12AX7, aina ileile iliyokuwa ndani, kwa hiyo voliumu yake ingebaki inaruka kwenye 2 kama zamani. Nilimwomba anipe gitaa lake, nikapiga sebene fupi kwa mkono mzito. Ikakwaruza. Nikazima, tukasubiri, nikatoa valvu ya kwanza tu na kuweka 12AY7 yangu. Alipoiwasha hakuamini kitasa, akakitazama mara mbili. Kilikuwa kimefika 4, na kila noti ilikuwa imesimama. Akapiga kwa nguvu makusudi, akitafuta pale inapoanza kupasuka, akapapata karibu na 6.

"Na hizi tatu nifanye nini, mzee?"

Nilimwambia arudishe mbili dukani kama risiti bado ipo, na moja aiweke kwenye soksi ndani ya begi la gitaa. Ile niliyoitoa aifunge kwenye gazeti lilelile, aandike tarehe. Siku atakayoalikwa kupiga bluzi, ataihitaji.